Kikapu Kilichorudi Kimeoshwa

Keroka, Jumanne

Baba Linet,

Sisi tu wazima. Linet ameng'oka jino, na chai imechipuka vizuri baada ya mvua. Nasikia hapo stesheni ya reli Nairobi unaposhona viatu, abiria wameongezeka. Nimefurahi.

Kikapu nilichokutumia na ndizi kimerudi. Kimeoshwa mpaka kwenye mishono, na ndani mna sukari kilo mbili iliyofungwa kwa leso. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, lakini wanaokumbuka hilo ni wanawake. Wewe, miaka tisa, hujanirudishia hata kifuniko!

Sukari sijaigusa. Jumapili naileta mwenyewe, ndani ya kikapu hicho hicho. Mwambie mwenye leso anipokee hapo stesheni, niione mikono yake.

Mkeo, bado,
Kemuma