Shati Ulilomwachia Mwanao

Nyumba ya kona, ghorofa ya kwanza,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kile kikohozi kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekwisha? Na kazi ya kupakua mizigo ghalani inaendeleaje, yule msimamizi wenu bado anawahesabia dakika za chai? Sisi hatujambo. Mama yetu anaumwa goti la kushoto, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Mimi macho yamepungua nguvu, siku hizi mwanao ndiye anayenipitishia uzi kwenye tundu la sindano.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Kwenye simu una tabia ya kucheka nikifika kwenye jambo lenyewe, halafu mtandao unakatika. Nimeanza kuushuku huo mtandao. Karatasi haikatiki, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Jambo lilianza na mayai. Trei ninayonunua Jumamosi ilikuwa ikitufikisha Ijumaa bila taabu. Mwezi wa tatu ikaanza kuisha Jumatano, kisha Jumanne. Nilimshuku Mama kwanza, maana anapenda kuwagawia watoto wa jirani vitu kwa siri kisha anaapa hajui lolote. Nikachukua chaki yangu ya kushonea nikatia alama kila yai. Mama alipoyaona akaniuliza kama nayo nayakatia suruali. Yakaisha vilevile, na chaki yake.

Baada ya mayai zikafuata karanga, yakafuata maziwa, kikafuata kiporo cha maharage nilichokuwa nimekifunika na sahani nikaweka na jiwe juu. Jiwe nililikuta mahali pake. Sufuria ilikuwa nyeupe.

Wakati huohuo Sindano akawa mwema. Ndivyo ninavyomwita mwanao tangu alipoanza kurefuka bila kunenepa, na yeye hakasiriki. Akawa anaosha vyombo bila kuambiwa. Mdogo wangu, kijana wa miaka kumi na tano akiosha vyombo bila kuambiwa, mimi naanza kuhesabu vijiko. Akawa ananibebea majora ya vitambaa kutoka dukani chini, mawili kwa mpigo, na akishafika juu anashuka nayo tena apande upya. Nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango, nikamwona anahema huku anajishika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza.

Tena futi yangu ya kupimia ikawa haitulii. Naitundika jioni kwenye msumari wa kwanza, asubuhi iko kwenye wa pili.

Nikafanya nilichopaswa kufanya mapema. Alipokwenda shule nikainamia kitanda chake. Nikavuta mkebe usio na karatasi ya jina, ndani una unga mweupe. Niliwaza mabaya yote unayoweza kuyawaza na mengine ya ziada. Nikaufunga mkebe kwenye aproni yangu nikaenda nao zahanati, nikimkwepa kila anayenisalimu.

Muuguzi aliunusa, akaulamba kwa ncha ya kidole, akacheka. Maziwa ya unga na sukari, basi. Wanawauzia vijana wembamba wakiwaambia watatoka misuli. Sikumwamini, nikamfanya aulambe mara ya pili.

Nikasema haya ni mambo ya Chuma. Chuma ni kijana aliyefungua mahali pa mazoezi nyuma ya karakana ya seremala, na vyuma vyake vingi ni makopo ya rangi aliyoyajaza saruji. Nilirudi nyumbani kukata kitambaa, kazi ikanishinda, nikamwendea mbio, nikasahau kwamba mkasi bado ninao mkononi. Aliuona kabla hajaniona mimi, akarudi nyuma hatua tatu na mabega yake yote yale.

"Shangazi, weka mkasi chini kwanza," akasema. "Huo mkebe kauziwa na wenzake shuleni. Mimi kila siku namwambia ale chakula, alale, hayo ya mkebe aachane nayo. Anataka mwili wa mazoezi ya miaka mitano kwa miezi mitatu. Namuuliza una haraka ya nini, hasemi."

Niliondoka bila kumwomba radhi, na hilo bado linaniuma kidogo. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Alhamisi iliyofuata Sindano akarudishwa kutoka shule. Alikuwa amekunywa mayai mabichi sita kabla ya kengele, akayatapikia viatu vya mwalimu wa hesabu. Nilimlaza mkekani nikampa uji mwepesi kijiko kwa kijiko. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni. Nikamwambia sitamchapa wala sitampigia kelele, aniambie tu anajishindilia chakula hivi kwa ajili ya nani. Nilishuku msichana. Nilishuku watu wanaompiga njiani. Alilia kwanza, akageukia ukutani, kisha akainuka akatoa kitu kwenye sanduku lake la nguo.

Lilikuwa shati lako, lile la mirabaraba.

"Baba aliniachia siku ile anaondoka. Alisema likinijaa atakuja kunichukua."

Siku ile naikumbuka. Alikuwa ameng'ang'ania mkoba wako haachii, na gari la kukupeleka linapiga honi. Ukalitoa shati kwenye mkoba ukamvalisha, likamfika magotini. Ukamnong'oneza jambo, akaachia mkoba. Nilidhani umempa zawadi, nikakuona baba mwema.

Kumbe miaka miwili yote hii mtoto anapima. Nilifungua daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho kabisa, nikakuta mwandiko wake. Kila Jumapili, kifua na mkono. Hakukosa hata moja. Alianza na inchi ishirini na nane, sasa yuko thelathini na nne na nusu. Mtoto amekua vizuri tu, mdogo wangu. Ila ukilivaa hilo shati ukiwa na kifua hicho, unaonekana umevaa pazia, na yeye anaona hajafanya lolote.

Sasa nakuja kwako.

Ijumaa asubuhi nililipindua shati ndani nje. Ubavuni nikakuta uzi mweupe wa kushikiza, nilioupiga kwa mkono wangu. Nikakumbuka. Lile shati ulilinunua sokoni likiwa kubwa kupita kiasi, ukaniletea nilipunguze, nikakupima, nikashikiza, na wewe ukaondoka kabla sijalishona. Halijawahi kukutosha hata siku moja. Nikarudi kwenye daftari nikatafuta jina lako: kifua inchi thelathini na sita. Shati ni la mtu wa arobaini na nne.

Ulimwambia mtoto alijaze shati ambalo wewe baba yake hujalijaza.

Nimelala na neno hilo siku mbili. Mara nasema ulikuwa na haraka, mkono ukashika nguo ya kwanza. Mara nasema ulichagua, ukalitafuta lile ambalo halitakuja kumjaa. Sijui, na mimi ni mtu wa kushuku, umenijua tangu utotoni. Lakini nimezikumbuka simu zote ambazo Sindano alikuuliza utakuja lini, ukamjibu ale kwanza awe mkubwa. Tangu mkeo atutoke, mtoto huyu hana mwingine wa kumsubiri. Nimekukasirikia sana, na nalia ninapoandika hapa, kwa hiyo usilitazame doa.

Mkebe wa unga nimeumwaga. Sasa anakula mayai mawili, ya kuchemsha, na maharage bila kuyaiba, na karanga mfukoni, na maziwa kabla ya kulala. Kwa Chuma anakwenda mara tatu kwa wiki kwa ruhusa yangu. Nami nimeketi kwenye cherehani nikafuata ule uzi wangu wa zamani, nikalipunguza shati kwa kipimo chako wewe. Sikulipunguza hata nusu inchi zaidi. Nimelipiga pasi nikalirudisha sandukuni likiwa limekunjwa kama nilivyolikuta. Hajui. Atakapolivaa atadhani ni mwili wake, na kwa kweli utakuwa ni mwili wake.

Kwa hiyo hesabu ya shati imekwisha, imebaki yako. Kama huna mpango wa kuja, mwandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wako, umwambie. Mimi sitalisema hilo kwa niaba yako. Kama unakuja, anza kutafuta chumba kinachoweza kuchukua vitanda viwili.

Mama anakusalimu na anasema ukija umletee dawa ya goti. Mama muuza vitambaa wa chini anakusalimu, na Chuma pia, ingawa hamjuani. Sindano hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake unazijua. Mungu akulinde mgongo na mikono huko kwenye mizigo, akupe na moyo wa kujibu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukodolea macho kwa pamoja.

Nyongeza: Uzi mweupe uliomo ndani ya bahasha usiutupe. Nimeuzungusha kifuani kwake asubuhi hii nikaukata hapohapo. Jizungushie na wewe, uone palipobaki.