Kibuyu Nilichokimwaga

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, ingawa sisi wawili tulizoea Kikurya, kwa sababu nataka kwenda polepole. Nina swali ambalo nimelibeba tangu tulipokuzika: je, ni mimi niliyekumalizia damu?

Unakikumbuka kile kibuyu. Baba mdogo alikuwa akimfunga yule ng'ombe dume mweusi kamba shingoni, anampiga mshale mfupi kwenye mshipa, anakinga damu, anaichanganya na maziwa, anakuletea asubuhi. Mlikaa wawili kando ya ghala mkinywa kwa zamu, wewe ukikohoa katikati ya kila habari. Mimi nikaja likizo kutoka mafunzo ya uuguzi Musoma, nina vidonge vya chuma vya kuongeza damu mkobani na maneno mengi mdomoni. Nikasema damu ya ng'ombe ni uchafu, tena si ya Mkristo. Nikaimwaga nyuma ya ghala, baba mdogo akinitazama. Wewe ulisema tu, "Leo umewakirimu siafu."

Baba mdogo hakuleta tena.

Ulimeza vidonge vyangu kwa utii ulionitia aibu. Ulinitania kwamba choo chako kimekuwa cheusi kama lami, na sasa serikali itakutandaza barabarani. Lakini kila likizo nilipovuta kope yako ya chini, ndani palikuwa peupe zaidi. Mwisho pumzi ilikukatikia kati ya kitanda na mlango. Matangani baba mdogo aliniambia mbele ya watu, "Ulimkausha ndugu yangu."

Sasa sikiliza nilichokiona. Mwezi uliopita alilazwa hospitalini kwetu mzee aliyechimba dhahabu chini ya ardhi kama wewe, mwenye kifua kama chako na kope nyeupe kama zako. Vidonge havikumfaa. Nilimuuliza daktari maswali mpaka akachoka. Siku moja akamchoma yule mzee sindano kwenye mfupa wa kifua, akatoa uboho kidogo, akaupaka kwenye kioo, akautia dawa inayogeuza chuma kuwa buluu. "Tazama mwenyewe," akasema.

Baba, buluu ilijaa kwenye darubini. Chuma kilikuwepo, tena kingi, kimelala tu. Daktari alisema kifua kikikaa na uvimbe wa ndani kwa miaka, mwili hukizuia chuma kisitengeneze damu. Kwa nini? Hajui. Labda unajikinga na kitu. Kila ninapotandika vitanda nawaza hilo: mwili unaojifichia chakula chake wenyewe.

Uboho wako hakuna aliyeutazama, kwa hiyo sitaapa. Lakini nilipanda lori hadi Tarime, nikatembea hadi nyumbani Nyanungu, nikamweleza baba mdogo. Nilimwambia chuma mwilini ni kama ng'ombe: walikuwamo zizini, ila lango limezibwa. Ukiingiza ng'ombe wengine, bado hakuna atakayekamua. Alichora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo damu yangu haikumsaidia."

"Haikumponya, baba mdogo."

"Na vidonge vyako, mwalimu?"

"Navyo havikumponya."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi tulikuwa wajinga wawili." Kisha akasema bila kunitazama, "Lakini asubuhi zile alikuwa akinisubiri."

Hilo sikuliona kwenye darubini. Nilikuja na swali la damu, na damu huenda nisiwe na hatia nayo. Lakini ulikaa karibu mwaka mzima peke yako kando ya ghala, ukitazama njia, na mimi nilikuwa nakuuliza kama umemeza vidonge.

Nisamehe kwa hilo, Baba. Hilo ni langu.

Kuhusu lango, nakuahidi sitaacha kuuliza limezibwaje, hata daktari anikimbie. Na yule mzee bado yupo. Nilimuuliza ni nani huja kumtembelea, akasema ana mdogo wake huko Kewanja, ila huyo mdogo anaogopa wauguzi. Nimemwandikia aje. Akija na kibuyu sitauliza kina nini. Nimeshaweka kiti cha pili karibu na kitanda.

Lala salama, Tata, baba yangu.

Bhoke wako