Mapazia ya Vyumba Vitupu

Nyumba ya Wapangaji,
Chumba cha mbele, karibu na bomba.
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Bosi,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Wifi yangu na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tupo. Goti la Mama bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua ni mzima. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia tangu niliposoma ujumbe wako wa Jumamosi.

Unasema afisa wa mkopo atakuja Alhamisi, Mama atie sahihi, nyumba yake anayoishi iwekwe rehani ili ununue lile jengo la pili. Kwa hesabu yako, kodi za vyumba vyetu vinane zitalipa mkopo kila mwezi na nyingine itabaki. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena.

Bosi, vinane umevitoa wapi?

Ndipo nikakumbuka ile picha niliyokutumia tulipomaliza kupaka rangi. Ulinijibu hongera, nyumba imejaa, kila dirisha lina pazia. Nilidhani unanitania. Mdogo wangu, mapazia yale ni yangu mimi. Chumba kikibaki kitupu, siku hiyohiyo nakitundikia pazia. Wezi wa nyaya wakiona dirisha wazi wanajua hakuna mtu, na anayetafuta chumba akiona vitatu vitupu anaanza kukupangia bei kama nyumba ni ya babu yake. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Wewe hujawahi kukaa na wapangaji, ungejulia wapi?

Vyenye watu ni vitano. Mwalimu amehamishwa kikazi, fundi cherehani amemfuata binti yake, na muuza viatu wa chumba cha nyuma ameondoka na taa pamoja na kitasa. Ndiyo, kitasa. Sijui huko anafungia nini.

Na hivyo vitano visikudanganye. Mwezi uliopita choo cha uani kiliziba, fundi bomba akatoa soksi, kijiko, na kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Kodi ya chumba kimoja ilienda naye. Halafu tanki likapasuka. Dalali naye hachukui asante. Kila mpangaji anayemleta, kodi ya mwezi wa kwanza ni yake. Mtu akihama unapaka rangi upya, na chumba kinaweza kulala miezi miwili, hata mitatu. Kwenye hesabu yako sikuona chumba kilicholala wala fundi hata mmoja. Umepanga kana kwamba watu hawahami na mabomba hayazeeki.

Nimekukasirikia, acha niseme. Ulimpigia Mama kabla yangu, ukijua fika kwamba wewe kitindamimba hawezi kukukatalia. Hati ameshaitoa sandukuni, iko mezani chini ya redio. Mimi simu zangu hupokei. Ndiyo maana barua hii nampa shemeji yako, anasafiri leo, akuwekee mkononi Jumatano. Usipoisoma mbele yake, nimemwambia asiondoke.

Sisemi usinunue maishani. Nasema hesabu vitano. Kodi ya kimoja kati ya hivyo tuiweke pembeni kila mwezi kwa ajili ya mafundi, tusiiguse hata kwa sherehe. Siku tukiwa na akiba ya kubeba mkopo nusu mwaka bila mpangaji, njoo tukae tuongee, na hati ya Mama ibaki sandukuni. Benki haitauliza kama mwalimu amehamishwa. Itataka chake tarehe ileile.

Jana niliteremsha mapazia yote matatu nikapiga picha nyingine. Nimeiweka humu ndani, uione nyumba ilivyo.

Mama alinikuta nayakunja. Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu hatari ya mkopo. Aliyapitisha mkononi moja moja, akaniomba nimwekee lile jembamba, kwa sababu chumba atakachopanga yeye huenda kikawa na dirisha dogo. Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeomba chumvi, akaenda kuanika nguo. Bosi, anajua nyumba inaweza kwenda. Na Alhamisi atatia sahihi, kwa sababu umeomba wewe.

Pokea simu.

Msalimie wifi yangu, wabusu watoto, na yule mkubwa mwambie shangazi bado anamdai picha aliyoahidi kunichorea. Mungu akufungue macho na akulinde.

Ni mimi, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,
Dada yako