Kabla Sijaitwa kwa Jina Lako

Mjomba wangu mpendwa,

Matanga yako yameanuliwa, na wazee wameshakubaliana. Jumamosi hii watanikalisha mkekani kule Mgeta wanirithishe jina lako. Nikiinuka pale nitakuwa Mkude. Mama yangu, dada yako, ataniita kaka. Na Sesilia, binti yako wa pekee, ataniita baba. Sesilia huyuhuyu tuliyelingana naye umri, mtani wangu tangu utotoni, ambaye hajawahi kunisalimia bila tusi. Sina amani, mjomba. Kama kuna mtu ningemwendea kwa jambo hili ni wewe, na wewe ndiye haupo.

Tena wewe ndiye uliyeniharibu. Mapadri walikufundisha falsafa ya Wazungu miaka yote ile ya seminari. Ukaacha njia ya upadri, falsafa ukaondoka nayo, ukamwagia mpwa wako yote huku tukipalilia kabichi. Unakumbuka siku ulipokata moja nono, ukakaa juu ya tuta ukaanza kuibandua jani moja moja? Ukasema kuna Mfaransa aliyeamua kuvua kila alichoweza kukitilia shaka. Macho hudanganya, akayavua. Ndoto hudanganya, akazivua. Akavua hadi akabakiwa na kitu kimoja: yupo yeye anayeshuku. Ukanionyesha kigutu cha kabichi, ukasema ndicho hicho. Kisha, ukasema, akatokea Mskoti. Akajichungulia ndani kukitafuta hicho kigutu, akakuta baridi, joto, hasira, furaha, basi. Ukakitupa kigutu bondeni.

Mama akatufumania na majani yametapakaa. "Mkude, hiyo ni shibe! Wenzio wanatafuta mboga, wewe unaivua nguo?"

Tulicheka mpaka jembe likatushinda.

Ni siku hiyohiyo uliponisimulia jinsi ulivyokataa jina. Ulikuwa kijana, mjomba wako amefariki, wazee wamekuchagua wewe. Ukawaambia mtu hazaliwi ameshakamilika, hujichonga mwenyewe kwa anayoyachagua. Hayo uliyatoa kwa Mfaransa mwingine, wa juzijuzi tu, wa baada ya vita kuu ya pili. Wazee hawakukulazimisha. Nilikuona shujaa, nikaapa moyoni kwamba nami, siku yangu ikifika, nitasimama vilevile.

Halafu ukaanza kusahau.

Kati ya wanafalsafa wako wote ulimpenda zaidi Mwingereza yule aliyekuwa pia daktari. Alifundisha kwamba mtu ni yuleyule maadamu anayakumbuka aliyoyatenda. Kumbukumbu ndiyo imwunganishayo wa jana na wa leo. Ulisahau majina ya wanafunzi uliowafundisha shuleni, ukasahau njia ya kutoka shambani, ukanisahau mimi. Siku moja uliniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani kijana, wewe ni wa nani?" Nilikujibu, nikatoka, nikalia nyuma ya banda la mbuzi. Kwa hesabu ya Mwingereza wako, mjomba wangu alikuwa ameshaondoka, na mle ndani ameketi mgeni aliyevaa sweta lake. Nilimchukia yule Mwingereza, lakini sikupata pa kumkosoa.

Ila kila asubuhi mama aliingia na uji. "Mkude, kaka yangu, umeamkaje?" Nawe ulikuwa hujijui mpaka uambiwe, na ukishaambiwa unajiinua kitandani, unanyoosha kola, unaitika. Katika wote ulionifundisha sikumbuki hata mmoja aliyesema kwamba mtu anaweza kutunzwa mdomoni mwa dada yake. Labda yupo, nawe hukuwahi kumfikia.

Juzi, kabla sijarudi mjini, nilimwambia mama kwamba siwezi. Nikamtolea Mjerumani wako wa wajibu, kwamba binadamu asigeuzwe chombo cha haja za wengine. Mama alikuwa anamenya njegere. Akaacha.

"Nani kakufanya chombo? Tunakupa mtu, mwanangu, wewe unasema tunakutumia!" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kaka alilikataa jina la mjomba wake, na haki alikuwa nayo. Lakini yule mzee, leo nani anamtaja?"

Hata mimi jina la mzee yule silijui.

Naogopa, mjomba. Siamini kwamba utahamia kwangu, na naogopa kuketi mbele ya ukoo mzima nikiwa mwongo. Halafu namfikiria mama akiamka asubuhi, hana wa kumwita kaka, nauona woga huo mwingine ni mkubwa zaidi. Nimejaribu kukusikia ungesemaje. Nasikia kicheko chako tu.

Jana Sesilia alinifuata hapa mjini. Nikajiandaa kwa matusi. Hakutukana, alisimama mlangoni na kanga yake mkononi.

"Mi sitaki falsafa zenu," akasema. "Baba alinisahau kabla hajafa. Muda wote ule sijaitwa mwanangu. Nikikuita, we itika tu. Basi."

Akajifunga kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kabla sijafikiri.

Alikaa chini palepale kizingitini akalia, nami nikalia naye. Sijui nani aliyeitika. Nimejichungulia tangu jana kama Mskoti wako, sijamwona. Bado siamini, na bado naogopa, lakini nimeshamwambia mama anitafutie shuka jeupe la kujifunga Jumamosi. Huko uliko, kama kuna huko, usinicheke sana. Pumzika.

Ni mimi,
mpwa wako mpaka Jumamosi.