Maziwa Niliyomnyima Nyanya Yako

Mjukuu wangu Akello, nimemkosea nyanya yako. Hapa Naguru wengine ni wazima. Umeuliza mbona ameacha maziwa. Hakuacha, mimi nilimkataza.

Daktari alisema ile valvu aliyowekewa moyoni, kilango cha damu kilichoshonwa kwa utando wa ng'ombe, imeshika kalsiamu ikawa ngumu. Nikamgombeza mbele ya majirani: "Ni maziwa yako! Umejijengea mfupa moyoni!" Akacheka: "Mzee, kwani ng'ombe anaogopa maziwa?" Nikamnyima hata ya chai.

Sasa unaniandikia kalsiamu hiyo inatoka kwa damu, kila mtu anayo, si kosa la maziwa, na huko maabara unakofanya kazi mnatafuta dawa ya kuloweka utando usiishike. Yesu wangu! Kumbe nilimnyima bure.

Jumatatu atapasuliwa tena, abadilishiwe valvu. Jumapili, majirani wakitoka kanisani, nitampa chai ya maziwa mbele yao, niseme kosa lilikuwa langu.