Bawa Nililolikalia

Jumapili, 3 Machi

Shajara, nakusihi: mtu akikufungua kwa nguvu, jifanye huna herufi. Mimi ni karani, kijana mtulivu, na leo nimekalia ndege ya rimoti ya baba yake mchumba wangu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwao. Shikamoo ilitoka vizuri. Mzee akajibu, "Marahaba, karibu, kaa." Nikakaa! Nani hukagua kochi la wenyewe? Kah! — bawa la kushoto katikati.

Mama mkwe (Mungu akipenda) alicheka hadi akakimbilia jikoni. Mzee hakucheka. Alichomoa mabawa yote mawili, akanikabidhi.

"Uunge tu. Usibuni. Jumapili ijayo ikiruka, tutaongea hayo yaliyokuleta. Isiporuka, basi ulikuja kukaa."

Jumanne, 5 Machi

Chumba kizima kinanuka gundi. Mbavu za bawa ni mbao nyepesi, ukizipumulia zinahama. Nilikata kusawazisha pale palipovunjika ili vipande vikutane. Vikakutana — na bawa likawa fupi! Nikaongeza kipande nchani. Kwa woga nikakikata kirefu, nikijisemea afadhali kizidi. Kikazidi. Ikabidi na la kulia lirefushwe. Ndani nimetia vyuma vyembamba vya kulikaza.

Mchumba akapiga simu. Umebuni? Kidogo. Kidogo kiasi gani?

"Mwavuli wangu hauna mifupa tena."

Alicheka kama mama yake. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimefika ofisini nimelowa chapachapa. Nimegonga muhuri ukatoka kichwa chini miguu juu. Bosi akauliza nina nini. Nikasema mafua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimebandika plastiki mpya kwa pasi, taratibu, kama ninanyoosha shati la bwana harusi. (Futa hilo. Usijitabirie!) Mabawa yanapendeza. Ila ni marefu, hata kipofu angejua kwa kupapasa.

Mchumba alikuja kuyaona. Akasema, ukimwambia baba, atakataa kuirusha. Usipomwambia, ataona mwenyewe.

"Sasa nifanye nini?"

"Vaa viatu vya kukimbilia."

Jumapili, 10 Machi

Naandika vibaya, kwa mkono mmoja. Nianze mwanzo.

Uwanja nyuma ya maghala. Nilimwambia mzee kila kitu kabla hajauliza, kwa sauti ya panya. Aliyatazama mabawa muda mrefu. "Nilikwambia usibuni." Ndiyo, mzee. "Na ukabuni." Ndiyo, mzee. Nikajua yamekwisha. Nilianza hata kuaga. Lakini vidole vyake havikutaka kuliachia lile bawa. Alilipima kwa shubiri, akaguna, akalipima tena.

"Hebu tuione aibu yake," akasema, akayachomeka mabawa, akairusha ndege.

Ikapaa! Laini, bila kuyumba hata chembe. Kisha mzee akazima mota ishuke — haikushuka. Ilielea tu, ikapita juu yetu, ikapita uwanja.

"Mbona haitaki kushuka? Wewe, umeiwekea nini?"

Ikatua juu ya paa la ghala. Nzima! Karibu na ukingo. Mzee akanitazama. Mchumba akanitazama. Fundi mpaka rangi, aliyekuwa akipaka ghala hilo, alikuwa na ngazi. Mimi naogopa vimo hata vya kiti, ila sikuwa na pa kujificha. Nilipanda nimefumba macho, nikaishusha kwa kamba. Niliposikia wanashangilia, nikajua imefika. Niligeuka kuifuata.

Ngazi hakuna. Mpaka rangi amemaliza kazi, ameondoka nayo! Mchumba amemkimbilia, kiatu kimoja mkononi.

Na mzee? Ameirusha tena! Inapita juu ya kichwa changu sasa hivi.

"Mzee! Ngazi!"

"Kaa hapo hapo, mkwe! Nionyeshe upepo unatoka wapi!"

Mkwe. Kaniita mkwe. Mchumba hakuwepo kusikia. Shahidi wangu ni wewe peke yako, shajara, uliyekuwa mfukoni mwangu.

Sasa sikiliza. Nimebadili mawazo, siri basi. Nikikudondosha, atakayekuokota afuate maelezo haya: njoo nyuma ya maghala, lile la mlango wa buluu. Tazama juu, upande wa tangi la maji. Aliyekumbatia bomba ni mimi. Usinipigie simu, sina mkono wa kupokelea. Lete ngazi ndefu, na mtu wa kuishika. Ukimkuta mzee, usimkatize, ana furaha. Ila muulize tena, kwa sauti nisikie, mimi ni nani wake, halafu—