Hapa Hatujumlishi, Tunachinja Majibu

Hosteli ya Wasichana,
Mahaveer Nagar, Kota.
14 Agosti

Mpendwa Mjomba Umakant,

Nakugusa miguu kwa heshima kutoka mbali. Hujambo? Joto la Maskati limepungua? Na goti la mkazamjomba Sudha? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na sitakuficha.

Dengu za hapa ni maji yaliyopita jirani na dengu. Hizo nimezizoea.

Kinachonitapisha ni darasa. Mtihani wa kuingia chuo cha uhandisi huja na majibu manne kila swali, basi Mwalimu Purohit hatufundishi kutafuta jumla ya mfululizo. Anatufundisha kuchinja: weka sifuri mahali pa x, jibu linalokataa lichinje, linalobaki lishike, songa mbele.

Jumanne alitupa x + 2x² + 3x³ na kuendelea bila mwisho, x ikiwa kati ya −1 na 1. Akaweka sifuri, yakabaki majibu mawili. Akaweka moja, ambayo swali lenyewe limeikataza! Yote mawili yakaharibika, naye akachagua lililo fupi, x/(1−x). Sikuvumilia. Nikaenda ubaoni, nikafanya ulivyonifundisha nyumbani Darbhanga: nikauchukua 1 + x + x² + x³ na wenzake, ambao jumla yake ni 1/(1−x), nikatafuta mwinuko, yaani kasi ya kubadilika, wa kila kipande na wa jumla yenyewe, nikazidisha kwa x. Likatoka lile refu, x/(1−x)².

Darasa likaangua kicheko. "Bibi profesa, mtihani utaisha wewe bado unapika!"

Mwalimu akatazama ubao, wala hakuona haya. "Haya, umepata. Na muda umekwenda. Nani kakutuma ujue kwa nini?" Akafuta. Aka!

Ijumaa nikateremshwa kundi la nyuma, eti mimi mzito. Baba akapiga simu: "Uko kundi gani? Majirani wanauliza." Nilipomwambia nataka kwenda chuoni Patna kusoma hisabati yenyewe, akakata. Nafasi za Patna zinafungwa mwisho wa mwezi, na bila saini yake siendi. Baba hamsikilizi mtu ila wewe shemeji yake.

Ila kinyaa kikubwa najionea mwenyewe. Jana lilikuja swali zuri la jumla, lile la kukaa nalo jioni nzima. Nikaweka sifuri, nikachinja matatu, nikapita. Na nilifurahi, Mjomba. Mpigie Baba kabla sijawa mmoja wao.

Nisalimie mkazamjomba na kaka Pranav. Mungu awape afya, na asiwaondolee hamu ya kuuliza.

Mpwa wako akupendaye,
Shambhavi